Mikroni Nne

Utando wa ndani ya shavu umelowa mate wakati wote, na jicho tupu haliambulii chochote humo ila wekundu. Hata ukikata kipande chake na kukiweka chini ya hadubini kilivyo, hakitakueleza kitu: ni kinene mno, mwanga haupenyi, na hakina rangi ya kutenganisha seli na seli. Kila picha ya tabaka za kinywa iliyomo katika vitabu vya wanafunzi wa meno ilipita kwanza mikononi mwa mteknolojia wa maabara, ambaye jina lake haliandikwi chini ya picha. Mmoja wao nimepata kukaa kando yake katika maabara ya patholojia, Dar es Salaam, nikaifuata kazi yake tangu chupa inapopokelewa hadi kioo kinapofika mezani kwa daktari. Ni mama wa makamo, na vijana walio mafunzoni humwita Mama tu.

Chupa hufika na kipande cha nyama cha milimita chache, kimezama ndani ya formalini. Mwaka 1893, Mjerumani Ferdinand Blum alikuwa akiijaribu formalini kama dawa ya kuua vijidudu, akaona ngozi ya vidole vyake inakuwa ngumu. Akatambua kwamba dawa hii inaweza kuzuia nyama isioze na kuifanya ibaki na umbo lake. Mpaka leo ndiyo inayotumika. Huzifunga protini za seli pale zilipo, lakini huingia taratibu, kiasi cha milimita moja kwa saa, kwa hiyo hakuna wa kuiharakisha. Mama husoma kwanza karatasi ya maombi, akalinganisha namba ya karatasi na ya chupa, kisha akainyanyua chupa kwenye mwanga. Anachotafuta ni jinsi kipande kilivyolala. Utando wa kinywa ukishatengwa na mwili hujikunja, na ukigandishwa na formalini hali umejikunja, haukunjuki tena. Daktari mpasuaji anayejua kazi hukilaza kipande juu ya kikaratasi kigumu, upande wa jeraha chini, ndipo akakitumbukiza. Mama anapokuta kimelazwa hivyo, hukiri kwa sauti: "Huyu katuheshimu."

Kipande huingizwa ndani ya kaseti ndogo ya plastiki yenye matundu, na namba huandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka katika kemikali zinazofuata. Usiku kucha kaseti huhama kutoka chombo hadi chombo. Lengo ni kuingiza nta mahali palipokuwa na maji, na nta na maji havipatani. Basi maji huondolewa kwa alkoholi, kuanzia asilimia 70 na kupanda hadi alkoholi isiyo na maji kabisa, ili nyama isisinyae kwa ghafla. Alkoholi nayo haipatani na nta, hivyo huondolewa kwa zailini. Mwisho inaingia nta ya parafini iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 60 hivi. Kazi hii hufanywa na mashine, na alfajiri mtu huikuta imekwisha.

Asubuhi inaanza hatua ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo moyo wa kazi yote, ingawa huchukua dakika moja au mbili. Mama hufungua kaseti, akamimina tone la nta ya moto ndani ya kalibu ya chuma, kisha hukichukua kipande kwa kibano kilichopashwa moto. Hapo husimama. Hukigeuza chini ya taa, akitafuta ni upande upi uliokuwa ukigusa mate na ni upi uliokuwa ukishika nyama ya shavu. Wa juu unang'aa kidogo. Wa chini una nyuzinyuzi. Akishajua, hukisimamisha kwa ubavu ndani ya nta, ili wembe utakapopita ukate tabaka zote kwa mpigo mmoja, kuanzia uso hadi kina. Kikilazwa chali, wembe utapita ndani ya tabaka moja tu, na daktari ataona visiwa vya seli vinavyoelea bila mwanzo wala mwisho. Anaweza hata kudhani seli zimezama mahali zisipostahili, kumbe ni mkato uliokwenda mshazari. Mama hukishikilia kipande wima hadi nta ya chini ianze kuganda na kukikamata, ndipo akaongeza nta, akafunika kwa kaseti ile ile yenye namba, na kuiweka kalibu juu ya bamba la baridi.

Kijana mmoja wa mafunzoni aliuliza, "Mama, mbona hatukati sasa?"

"Haijapoa, mwanangu. Nta ikiwa na joto, wembe huiminya, hauikati."

Bonge la nta linapobanduka kwenye kalibu, hulazwa kifudifudi juu ya barafu. Kisha hufungwa kwenye mikrotomu, mashine ya kukatia yenye wembe uliotulia mahali pamoja na mkono wa kuzungusha pembeni. Kila mzunguko, bonge hushuka mbele ya wembe, likapanda, na kusogea mbele kwa kipimo kilichowekwa. Mama huanza kwa mikato minene ya kuondoa nta ya juu, akitazama uso wa bonge ukifunguka mpaka ubavu wote wa nyama utokeze. Hapo hufunga gurudumu lisizunguke, akalirudisha bonge kwenye barafu, akahamia upande wa wembe ambao haujatumika, na kushusha kipimo hadi mikroni 4. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikroni 7 hivi. Kipande anachokwenda kukata ni chembamba kuliko chembe moja ya damu iliyomo ndani yake.

Mkono unaozungusha hauna haraka wala kusita. Ukiharakisha, mkato mmoja hutoka mnene na wa pili mwembamba. Ukisita katikati, mstari hubaki juu ya tishu. Kabla ya mzunguko wa kwanza, Mama huinama na kuupulizia uso wa bonge pumzi ya mdomoni, mara moja, taratibu. Joto na unyevu wa pumzi hulainisha nta iliyotoka kwenye barafu ili isipasuke. Kisha huzungusha. Mkato wa kwanza hutoka umejaa mikunjo, na huuondoa kwa brashi. Wa pili hulala juu ya wembe. Wa tatu huja na kugandia ukingo wa wa pili. Na baada ya hapo utepe hurefuka wenyewe, mweupe, ukitetemeka kwa upepo wa mtu anayepita. Feni huzimwa saa hizo, hata jua likiwa kali. Huunyanyua utepe kwa brashi upande huu na kibano upande ule, akaushusha juu ya maji ya moto kiasi cha nyuzi 45, ukingo wa mbali ukigusa kwanza, ili hewa isinaswe chini yake.

Juu ya maji yale nta hupata uvuguvugu bila kuyeyuka, nayo mikunjo hufunguka. Huchagua mkato mmoja au miwili iliyo safi, akaitenga kwa ncha ya kibano, huzamisha slaidi ya kioo karibu wima, na kuiinua polepole chini yake. Mkato hupanda na kioo. Baada ya hapo hufanya jambo ambalo mgeni angelipita bila kuliona: huburuta karatasi laini juu ya maji yote, ukingo hadi ukingo, ndipo akagusa bonge la mgonjwa mwingine. Kipande kidogo cha saratani kikibaki kinaelea na kupandia kioo cha mtu mzima wa afya, maisha ya mtu huyo yatavurugwa. Sikumwona akiruka hatua hiyo, hata foleni ya mabonge ilipokuwa ndefu.

Slaidi ikikauka, nta huyeyushwa na safari ya usiku hurudiwa kinyumenyume: zailini, alkoholi, maji. Ndipo rangi. Hematoksilini hutoka katika kiini cha mti wa Haematoxylum campechianum, mti uliopewa jina kwa ajili ya Campeche, Mexico. Ikichanganywa na chumvi ya alumini hushika viini vya seli. Eosini, rangi ya waridi iliyotengenezwa viwandani, hushika sehemu zinazobaki. Mwaka 1876 mtafiti aliyeitwa Wissowzky aliziunganisha rangi hizo mbili, na jozi hiyo bado ndiyo ya kila siku katika maabara za dunia nzima. Mama huacha hematoksilini ikolee kupita kiasi kwa makusudi, kisha huichovya slaidi katika alkoholi yenye tindikali, sekunde chache tu, akaitoa. Akichelewa, viini hufifia. Akiwahi, kila kitu hubaki na giza. Chini ya maji ya bomba wekundu wa zambarau hugeuka buluu mbele ya macho. Huitazama kwenye hadubini ingali imelowa, na mara nyingine huirudisha kwenye tindikali kwa mchovyo mmoja zaidi. Halafu eosini, alkoholi, zailini, tone la gundi, na kioo chembamba cha kufunika kinachoshushwa kutoka upande mmoja ili mapovu yakimbie.

Hapo ndipo shavu linaonekana. Juu kuna epithelia, tabaka juu ya tabaka za seli, unene wa mikroni 500 hivi. Chini kabisa ni safu moja ya seli zilizobanana, viini vyake vya buluu iliyoiva. Hizi ndizo zinazogawanyika. Kadiri unavyopanda, seli hupanuka, hupauka, hulala bapa, na ya mwisho hubanduka na kumezwa na mate. Utando wote wa shavu hujibadilisha upya kwa siku 25 hivi. Seli nyingi huonekana kama zina uwazi ndani, kwa sababu zilikuwa zimehifadhi sukari ya glaikojeni. Kwenye fizi na kaakaa gumu, mahali chakula kinaposuguana, uso hufunikwa na keratini. Huko ukikaza macho utaona vijiba vidogo vikiunganisha seli na jirani yake: kemikali za usiku zilizisinyaza seli, lakini viungio vyake havikuachia. Chini ya ulimi epithelia ni nyembamba, mikroni 100 tu, na ndiyo maana kidonge cha moyo kikiwekwa hapo huingia damuni upesi.

Epithelia haina mshipa wa damu hata mmoja. Hulishwa kutoka chini, kwenye tishu unganishi yenye kolajeni ya waridi na mishipa midogo, na mpaka wa tabaka hizo mbili haukunyooka. Zimeingiliana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana, kwa kina zaidi kwenye fizi inayovutwa na kusuguliwa, kwa kina kidogo kwenye shavu. Mpaka huo ndio daktari anaoutafuta. Tumbaku ya kutafuna husababisha saratani ya kinywa, na tambuu vilevile. Na watumiaji wa tambuu pwani yetu si wachache. Seli zinaweza kuharibika umbo na mpangilio kwa muda mrefu zikiwa bado juu ya mpaka. Zikiuvuka, ni saratani iliyoanza kupenya, na matibabu hubadilika.

Slaidi niliyoifuata ilirudi mchana. Seli za tabaka la chini zilikuwa na viini vikubwa visivyolingana, na kwenye pembe moja mpaka haukusomeka. Daktari aliandika: ikatwe zaidi kwa kina. Mama hakulalamika. Alilirudisha bonge juu ya barafu, akasubiri lipoe, akalifunga tena kwenye mikrotomu, akaondoa mikroni chache, akachukua mkato. Akaondoa nyingine, akachukua tena, na tena. Slaidi tatu, kila moja na namba yake kwa penseli. Kwenye ya pili ile pembe ilifunguka: mpaka ulikuwa mzima kutoka mwanzo hadi mwisho wa kipande, na kwenye ya tatu ulikuwa mzima vilevile. Daktari aliandika majibu yake jioni hiyo, na bonge likaingizwa kabatini, nyama nyingi ingali imebaki ndani yake.