Kiganja cha Catmull na Tatizo la Viungo

Filamu fupi ya kiganja iliyotengenezwa kwa kompyuta mwaka 1972 na Edwin Catmull, akishirikiana na Fred Parke, katika Chuo Kikuu cha Utah, iliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa za Marekani. Heshima hiyo inaistahili, ila isituzuie kuihakiki.

Catmull alifanya kalibu ya mkono wake mwenyewe wa kushoto, akachora juu ya mfano uliotokea pembetatu na poligoni 350 hivi, kisha akaviingiza vipimo vyake katika kompyuta. Vidole vinakunjwa na kukunjuka. Kimoja kinamwelekea mtazamaji. Sehemu inayonipendeza zaidi ni ile ambapo kamera inaingia ndani ya kiganja kitupu, kwani hapo msanii hafichi kwamba alichokiumba ni ganda tu.

Lakini mwendo je? Kiganja hiki hakina bega. Mtu anyooshapo kidole, aghalabu bega hutangulia, kisugudi kikafuata, kisha kifundo, na vidole vikachelewa kidogo. Programu za siku hizi hukiweka kila kiungo chini ya kile kilichokitangulia, hata bega likizungushwa mkono mzima huenda nalo. Ama mhuishaji hukiweka kiganja pale apatakapo, nayo programu ikakokotoa pembe za kisugudi na bega. Njia hii ya pili ni nyepesi, na wepesi wake ndio hatari yake: kompyuta ikiachiwa ijaze picha za kati, kiganja huelekea kupita katika mstari ulionyooka, ilhali mkono wa binadamu, kwa kuwa umefungwa begani, huchora tao. Mtazamaji asiyejua lolote la ufundi huo atahisi kasoro papo hapo.

Sisi wa lugha nasi tuna deni. Neno mkono hukusanya yote tangu begani hadi ncha za vidole. Kiwiko, kwa wasemaji wengine ni kifundo cha mkono; kwa wengine ndicho hicho kisugudi. Mwalimu akiagiza kiwiko kizungushwe nyuzi 40, wanafunzi wake watamletea miendo miwili, na wote watakuwa wametii. Kwa hiyo napendekeza kisugudi kitumike pale mkono ukunjwapo katikati, kifundo penye kiganja, na kiwiko kiachiwe mazungumzo ya kila siku.