Machozi ya Kumagai na Kesi ya Shamba

Mwaka 1184, ufukweni Ichi-no-Tani, mpiganaji wa upande wa Minamoto aitwaye Kumagai Naozane anamwangusha adui yake, anamvua kofia ya chuma, na kumbe ni mtoto wa watu, miaka 16 au 17 hivi, umri wa mwanawe mwenyewe. Anataka kumwachia. Akigeuka nyuma anaona wenzake wanakuja, na wao hawatamwachia. Basi anamkata kichwa huku analia. Kiunoni mwa marehemu anakuta filimbi. Kijana ni Taira no Atsumori, na Kumagai baadaye ananyoa nywele na kuwa mtawa wa Kibudha. Ndivyo inavyosimulia Heike Monogatari, hadithi kuu ya vita vya 1180 hadi 1185 vilivyoung'oa ukoo wa Taira.

Sasa fungua Azuma Kagami, kumbukumbu za serikali ya kijeshi ya Kamakura. Humo Kumagai huyo huyo anakata nywele mwaka 1192, na sababu ni kesi ya mpaka wa shamba! Anashindana na Kuge Naomitsu, mume wa ndugu wa mama yake, mbele ya mkuu mwenyewe, Minamoto no Yoritomo. Kumagai ni hodari wa upanga, si wa maneno. Anaulizwa maswali mfululizo, anaona mwenzake kishapendelewa, anapandwa na hasira, anazitupa nyaraka zake nje, anajikata nywele na kuondoka zake.

Filimbi au shamba? Vijana tunaojifunza uhakiki tuna ugonjwa wa kukimbilia jibu la mkato: eti hati ndiyo historia, hadithi ni mapambo. Mimi sikubali. Azuma Kagami nayo ina mkono wa mtu. Ilikusanywa kuelekea mwaka 1300, wakati ukoo wa Hojo umeshika hatamu za Kamakura, na inawapamba Hojo bila aibu. Ila ukurasa ule wa kesi unatuonyesha serikali ya Yoritomo ilikuwa kitu gani hasa. Wapiganaji walimfuata kwa ajili ya ardhi. Vita vilipokwisha, kazi yake kubwa ikawa kuwagawia na kuwaamulia. Heike haisemi mengi kuhusu mipaka ya mashamba. Inasema ardhi ile ililipiwa kwa shingo ya nani. Ukisoma moja bila nyingine umesoma nusu ya siasa.

Na hadithi yenyewe haikuishi kwenye karatasi tu. Iliimbwa na watawa vipofu waliopiga biwa, ala ya nyuzi iliyo binamu wa mbali wa udi. Mmoja wao, Kakuichi, aliwasomea wanafunzi wake toleo lake wakaliandika mwaka 1371, na ndilo linalosomwa zaidi hadi leo. Kisha akaja Zeami, bwana wa jukwaa la Noh, aliyewaagiza watunzi wenzake wakiandika juu ya wapiganaji waifuate Heike. Katika tamthilia yake Atsumori, mtawa Kumagai anarudi ufukweni kuomba dua, na mzimu wa kijana unamtokea. Unauinua upanga. Unaushusha. Aliyekuwa adui sasa ni rafiki.

Hebu tuulize swali la mjini: nani alilipa? Alilipa shogun Ashikaga Yoshimitsu, aliyemwona Zeami akiwa mtoto jukwaani katika miaka ya 1370 akamchukua chini ya ulinzi wake. Na Ashikaga walijitangaza kuwa uzao wa Minamoto. Yaani wajukuu wa washindi wanagharimia kilio cha walioshindwa! Sehemu ya jibu ni hofu. Tetemeko kubwa lilipoipiga Kyoto mwaka 1185, miezi michache baada ya Taira kuzama Dan-no-ura, watu waliogopa kwamba ni hasira ya wafu. Mzimu usiotulizwa ni jambo la serikali. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ni siasa ya siku zao. Tangu 1336 nchi ilikuwa na makasri mawili ya kifalme yanayopingana, mpaka Yoshimitsu alipoyapatanisha mwaka 1392. Mtawala wa namna hiyo anahitaji jukwaa ambapo maadui wa jana wanashusha panga.

Hapo ndipo ninapomlaumu Zeami kidogo. Mzimu wake unasamehe vizuri mno. Yoritomo hayumo, ardhi haimo, anabaki muuaji mmoja na marehemu mmoja, kama vile vita vilikuwa ugomvi wa watu wawili. Mwenye kulipa alilala usingizi.

Lakini jukwaa nalo halikuwa mahali salama. Shogun Yoshinori, mwana wa Yoshimitsu, alimpenda On'ami, mpwa wa Zeami, akamsukuma mzee pembeni. Mwaka 1434 Zeami, ana umri wa miaka 70 hivi, alihamishiwa uhamishoni kisiwa cha Sado. Miaka 7 baadaye, 1441, Yoshinori alialikwa nyumbani kwa Akamatsu Mitsusuke. Michezo ikiwa inaendelea, wenye nyumba walimvamia na kumuua.

Anayetaka kusoma mwenyewe, tafsiri za Kiingereza zipo: Atsumori ya Arthur Waley ya 1921, na Heike nzima ya Royall Tyler ya 2012. Anza na kitabu cha tisa cha Heike, kifo cha Atsumori. Ni kurasa chache tu, kisha ndiyo uende kwenye tamthilia.