Kutafuta Babu Ndani ya Hesabu ya Ng'ombe

Mwaka 1671 kasisi mmoja Mfransisko, Laurent Molin, alizunguka nyumba kwa nyumba huko Port-Royal, katika koloni la Wafaransa lililoitwa Acadia, nchi ambayo leo ni Nova Scotia ya Kanada. Alitumwa kuhesabu watu, umri wao, ng'ombe, kondoo na ukubwa wa mashamba. Wengi walijibu bila tabu. Étienne Robichaud hakutaka hata kuonana naye. Alitoka zake nje, akamwachia mkewe kazi ya kumwambia padri kuwa hesabu ya mifugo na ardhi yake hataitoa. Pierre Melanson naye alikataa kutaja umri wake, na mkewe akamuuliza mgeni kama ana wazimu, hata azurure njiani kwa mambo ya namna hiyo. Padri wa watu akayaandika yote.

Leo mistari hiyo ya ugomvi ni mali. Mtafiti wa nasaba akiisoma anajua kwamba mwaka 1671 Robichaud alikuwa hai, ana mke, ana nyumba, na bila shaka ana ng'ombe anaoona afadhali wasijulikane. Hapo ndipo heshima yangu kwa watu wa kazi hii inapoanzia. Karibu kila karatasi wanayoitegemea iliandikwa kwa shughuli nyingine: serikali ilitaka kodi na askari, Kanisa lilitaka kujua nani amebatizwa na nani haruhusiwi kumwoa nani. Hakuna aliyewafikiria vitukuu. Ustadi wao ni kuihoji karatasi swali ambalo mwandishi wake hakulifikiria, kisha kutoisingizia jibu isilolitoa.

Kwa ukoo wa Kiakadia kazi hiyo ni ngumu maradufu. Mwaka 1713 Ufaransa iliikabidhi Acadia kwa Uingereza. Waakadia walikataa kula kiapo cha utii kisicho na masharti, maana waliogopa kulazimishwa kupigana na Wafaransa wenzao. Mwaka 1755 Luteni Gavana Charles Lawrence akaamua kuwafukuza. Tarehe 5 Septemba, kanisani Grand-Pré, Kanali John Winslow aliwasomea wanaume amri kwamba ardhi na mifugo yao sasa ni mali ya mfalme. Walisombwa kwa meli wakamwagwa Massachusetts, Maryland, Pennsylvania na kwingineko. Virginia iliwakataa waliopelekwa kwake. Wakavushwa hadi Uingereza, na mwaka 1763 wakahamishiwa Ufaransa. Ndugu waliozaliwa chumba kimoja walizikwa mabara mawili.

Nyaraka zao nazo zilitawanyika. Vitabu vya kanisa la Saint-Charles-des-Mines la Grand-Pré, vya kuanzia 1707 hadi 1748, vilisafiri na waumini uhamishoni hadi vikafika Saint-Gabriel huko Louisiana, kando ya mto Mississippi. Leo vinatunzwa na jimbo Katoliki la Baton Rouge, maelfu ya kilomita kutoka kwenye maji yaliyobatizia watoto walioandikwa humo. Mtu anayefukuzwa kwake na kuambiwa abebe anachoweza, halafu katika mzigo wake akatia vitabu vya ubatizo, alijua thamani ya ukoo kabla hatujazaliwa sisi tunaojisifu kwa kuusoma.

Kwingine vitabu havikuwepo, na hapo watu wenyewe waligeuzwa kitabu. Familia 78 za Kiakadia zilipewa mashamba katika kisiwa cha Belle-Île-en-Mer, pwani ya Brittany, na mwaka 1767 kila mkuu wa kaya aliitwa mbele ya maofisa na mashahidi ili aseme kwa kiapo nasaba yake yote: alizaliwa wapi, baba na mama ni nani, babu alikufa wapi, nani katika ukoo alikuwa wa kwanza kutoka Ufaransa. Wengi walirudi nyuma mpaka Port-Royal ya karne iliyotangulia. Msomaji wa kwetu hatashangaa kwamba mkulima anaweza kuhesabu mababu zake bila karatasi. Kinachonivutia mimi ni jinsi wataalamu wa baadaye walivyoyapokea maelezo hayo. Hawakuyakataa kwa kuwa ni ya mdomo, wala hawakuyameza. Waliyaweka kando ya sensa na vitabu vilivyosalia, jina kwa jina, wakaona mahali mzee alipochanganya shangazi na bibi, na mahali alipokuwa sahihi kuliko karani.

Louisiana iliingia kwenye habari hii kwa mlango wa pembeni. Ufaransa iliitoa kwa Uhispania katika mkataba wa siri wa mwaka 1762. Joseph Broussard, aliyejulikana kwa jina la Beausoleil, alipofika huko mwanzoni mwa 1765 na kundi la watu wapatao 200 waliotoka Halifax, maofisa wa Kifaransa walikuwa bado ofisini kwa niaba ya mwenye nyumba mpya. Kundi lake lilikwenda nchi ya Attakapas, kwenye Bayou Teche, mto wa maji ya polepole, baada ya kuwekeana mkataba wa kufuga ng'ombe na tajiri Dauterive. Kabla mwaka haujaisha Beausoleil na wengine kadhaa wa kundi lake walikuwa wamekufa kwa ugonjwa.

Gavana wa kwanza wa Kihispania, Antonio de Ulloa, alifika Machi 1766. Alikuwa na sababu za kuwapenda Waakadia: Wakatoliki, wakulima, na hawana hamu na Mwingereza. Basi akawatumia kama uzio. Waliofika kutoka Maryland mwaka 1767 aliwapeleka Saint-Gabriel, kuutazama mpaka wa Waingereza. Wa mwaka 1768 akawalazimisha kwenda mbali zaidi, karibu na Natchez, ingawa walisihi waishi na ndugu zao. Hawakumsahau. Oktoba ya mwaka huohuo Waakadia walikuwa miongoni mwa waliomfukuza Ulloa kutoka New Orleans. Alejandro O'Reilly, aliyekuja na askari mwaka 1769 kuirudisha amri ya mfalme, aliwakomesha waasi kwa kuwapiga risasi viongozi wao, lakini wale wa Natchez akawaruhusu wahamie kwa jamaa zao. Mwisho wa mwaka huo Waakadia walikula kiapo cha utii kwa mfalme wa Uhispania. Watu waliopoteza nchi kwa kiapo wakapata nchi kwa kiapo, na orodha za walioapa zikawa ushahidi mwingine mezani pa mtafiti.

Utawala wa Kihispania ulikuwa na sifa moja ambayo mtaalamu wa nasaba huusamehe mengi kwa ajili yake: ulipenda kuandika. Kuna sensa za 1766, 1769, 1777 na nyingine, orodha za wanamgambo, mikataba ya ndoa, orodha za mali ya marehemu. Sehemu kubwa ya karatasi za serikali ilihamishwa Havana, kisha mwaka 1888 ikapelekwa Sevilla, na bado iko huko katika Hifadhi Kuu ya Indies, ikiitwa Karatasi Zilizotoka Cuba.

Kuzisoma kunataka masikio. Jean wa kitabu cha ubatizo ni Juan kwenye sensa, Pierre ni Pedro, Étienne ni Esteban. Hébert, jina ambalo Mfaransa halitamki h yake wala t yake, liliingia kalamuni mwa Mhispania kama Eber. Breaux ina maumbo mengi kiasi kwamba fundi mzuri hayahesabu herufi kabisa. Anatazama nani amesimama karibu. Ardhi ya kando ya mto ilikatwa vipande virefu vyembamba, kwa kawaida upana wa arpenti sita hadi nane na urefu wa arobaini, arpenti moja ikiwa kama mita 58. Kila hati humtaja jirani wa upande wa juu ya mto na wa upande wa chini. Kwa hiyo Joseph Landry wawili wa umri mmoja, walioniumiza kichwa hata mimi msomaji wa kawaida, hutenganishwa na majirani zao. Wake nao waliandikwa kwa jina la kwao, si la mume, na vitabu vingi vya ubatizo vya miaka ya 1790 vikaongeza babu na bibi wa pande zote mbili. Ukurasa mmoja, vizazi vitatu.

Halafu zipo orodha za 1785. Mwaka huo mfalme Carlos III aligharimia safari ya Waakadia wapatao 1,600 kutoka Ufaransa kwa meli saba: Le Bon Papa, La Bergère, Le Beaumont, Le Saint-Rémi, L'Amitié, La Ville d'Archangel na La Caroline. Orodha ya kupanda na ya kushuka hazilingani. Wapo waliozaliwa baharini na waliokufa humo, wapo waliofunga ndoa, wapo waliojiingiza melini kimyakimya. Mvivu huchagua orodha moja. Mtaalamu huchukua tofauti zenyewe kuwa ndiyo kazi, na kila jina linalozidi au kupungua hulidai sababu.

Ila ufundi unaonivua kofia ni ule wa ruhusa za ndoa. Kanisa lilikataza ndoa ya ndugu wa damu mpaka daraja la nne. Wajukuu wa mtu mmoja wako daraja la pili, vitukuu wake la tatu, vilembwe wake la nne. Katika jamii ndogo kama ile karibu kila mchumba alikuwa ndugu, hivyo padri aliomba ruhusa na kuandika kitabuni daraja lililosamehewa: la tatu, la nne, au la tatu kwa la nne, yaani kitukuu anamwoa kilembwe.

Tuseme Pierre anamwoa Marguerite kwa ruhusa ya daraja la tatu. Pierre ana jozi nne za wazazi wa babu na bibi zake, na zote tunazijua. Za Marguerite tunazijua tatu, na hakuna hata moja iliyo ya Pierre. Basi ile ya nne iliyopotea lazima iwe mojawapo ya zile nne za Pierre. Sasa tunamgeukia dada wa Marguerite. Ameolewa na kitukuu wa jozi ya kwanza, na padri hakuandika ruhusa yoyote. Jozi ya kwanza inaondoka. Kaka yao amemwoa kilembwe wa jozi ya tatu, tena bila ruhusa, nayo inaondoka. Zimebaki mbili. Unatafuta binamu, unatafuta ndoa nyingine, pengine iliyofungwa miaka ishirini baadaye kwenye bayou nyingine mbele ya padri Mkapuchini wa Kihispania, mpaka inabaki moja. Hakuna karatasi hata moja inayomtaja babu huyo kama babu wa Marguerite, na hata hivyo amepatikana. Inabidi pia kumjua padri mwenyewe, kama alikuwa makini au mzembe, kwa sababu ukimya wa mzembe hauthibitishi kitu.

Bingwa wa hesabu hizi ni Stephen A. White, aliyeanza kazi katika Kituo cha Mafunzo ya Kiakadia cha Chuo Kikuu cha Moncton mwaka 1975. Kamusi yake ya nasaba za familia za Kiakadia ilitoka mwaka 1999, majalada mawili manene, na inaishia 1714. Zaidi ya miaka ishirini ya kazi, na mwisho wake ni miaka arobaini kabla ya kufukuzwa! Wapo waliotamani aende mbio. Mimi naona uzuri wa kazi yake umo katika nafasi alizoziacha wazi, pale ambapo mwingine angejaza jina linalofanana.

Majaribu ya kujaza ni makubwa, hasa katika mji wa St. Martinville, Louisiana. Nyuma ya kanisa la Saint-Martin-de-Tours kuna sanamu ya Evangeline, msichana wa Kiakadia aliyebuniwa na mshairi Longfellow mwaka 1847. Sura yake ni ya Dolores del Río, aliyemwigiza katika filamu ya mwaka 1929. Mwaka 1907 Felix Voorhies aliandika kwamba msichana halisi aliitwa Emmeline Labiche, na watu wakamwamini. Watafiti wamemtafuta katika kila kitabu, hayumo. Parokia hiyohiyo ina kumbukumbu za mwaka 1765, zenye vifo vya kundi la Beausoleil, na hakuna mtalii anayepiga picha nazo.

Majina Broussard na Landry leo ni ya Wazungu na ya Weusi pia, kwa kuwa baadhi ya Waakadia walipopata ardhi walinunua na watu. Walionunuliwa waliandikwa kwa jina moja tu, kwenye orodha za mauzo na mirathi, baina ya vitanda na ng'ombe. Mwanahistoria Gwendolyn Midlo Hall alizipitia hati hizo mahakama kwa mahakama, na mwaka 2000 akatoa kanzidata ya watumwa wa Louisiana wapatao 100,000. Makarani wa Kifaransa na Kihispania walizoea kuandika kabila la mtu aliyetoka Afrika, kwa sababu za bei, na kwa hiyo Hall aliwakuta Wabamana, Wawolofu, Wakongo, na pia Wamakua, watu ambao ndugu zao wako Msumbiji na Masasi. Mtu wa ukoo huo akitaka kumpata bibi yake hana kitabu cha Grand-Pré. Inambidi kwanza aujue vizuri ukoo wa bwana: nani alikufa lini, nani alirithi, binti yupi aliolewa akahamia wapi. Jozi zilizochambuliwa kwa ajili ya Waakadia ndizo zinazomwonyesha afungue mirathi ipi.