Neno 'Kama' na Tatizo la Tashbihi katika Uhakiki Wetu

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, tangu shule ya upili hata chuo kikuu, hufunzwa kwamba tashbihi hutambulikana kwa maneno ya ulinganishi: kama, mithili ya, mfano wa, sawa na, kana kwamba, na katika ushairi wa kale, ja. Maneno hayo yasipokuwapo, na kitu kikaambiwa kuwa ndicho kitu kingine, hiyo huitwa sitiari. Fasili hii ni nyepesi kukariri na nyepesi kusahihisha, na bila shaka ndiyo sababu ya kudumu kwake. Katika makala haya tunadai kwamba fasili hiyo imeudhuru uhakiki, kwa kuwa humzoeza msomaji kuwinda neno badala ya kusoma mlinganisho wenyewe.

Tuanze na neno. 'Kama' limetoka katika Kiarabu, ambamo kamā imeundwa kwa ka ya kufananisha na mā ya urejeshi. Lilipoingia katika Kiswahili lilipanua kazi zake kuliko ilivyo kawaida ya maneno ya mkopo. Hufananisha ('mkali kama simba'), huweka sharti ('kama utakuja, niarifu'), hukadiria ('watu kama ishirini'), hutoa mfano ('miji kama Thika na Ruiru'), na huunga kishazi cha swali ('sijui kama amefika'). Katika matumizi yote haya ni lile la kwanza tu linalomhusu mwanatamathali. Hata hivyo, katika kazi za wanafunzi mtu hukutana mara kwa mara na orodha ya tashbihi ambamo makadirio na mifano vimehesabiwa pamoja na simba.

Kuna 'kama' nyingine iliyo ngumu zaidi. Tuichukue sentensi 'Alitenda kama baba'. Je, mtendaji ni baba aliyetekeleza wajibu wake, au si baba bali alijitwika wajibu usio wake? Fasiri ya kwanza inamthibitishia cheo, ya pili inamnyima. Matumizi ya 'kama' kwa maana ya cheo ('yeye kama mwalimu', 'mimi kama mzazi') yameenea sana katika lugha ya magazeti na ya ofisini, na hayakosi athari ya Kiingereza. Kiswahili kilikuwa na njia yake ya kutenganisha: 'akiwa baba' kwa aliye baba, 'mfano wa baba' kwa asiye. Mwandishi anayechagua 'kama' mahali ambapo angeweza kusema 'akiwa' ameuacha mlango wazi, na pengine kwa makusudi. Kuuliza ni makusudi gani ndiyo kazi ya mhakiki. Kusema 'hapa pametumiwa tashbihi' ni kuufunga mlango huo kabla ya kuchungulia.

Matumizi yanayotushughulisha zaidi, hata hivyo, hayamo katika vitabu vingi vya sarufi. Mgeni akibisha hodi katika ploti ya Kiganjo, mtaa wa Thika, huenda jirani akamjibu: 'Ni kama mama ametoka.' Hapo hakuna kinachofananishwa na chochote. Jirani ameona kufuli mlangoni, naye anatoa alichokiona bila kukidhamini. Kiswahili sanifu kingesema 'yaelekea' au 'yaonekana'. 'Ni kama' hii husikika Nairobi na sehemu nyingi za bara ya Kenya, wala si mali ya jamii moja. Lakini kwa wasemaji wa Gĩkũyũ, ambao ni wengi Kiganjo, ina jamaa wa karibu. Neno ta la Gĩkũyũ hufananisha (ta mũndũ, yaani mfano wa mtu) na papo hapo hutangulia kitenzi cha kuamuru ili kukilainisha (ta ũka, yaani hebu njoo). Vilevile kana, ambayo katika Kiswahili hujulikana zaidi ndani ya 'kana kwamba', katika Gĩkũyũ ni 'au' na 'iwapo'. Hatudai kwamba hicho ndicho chanzo pekee. Tunachodai ni kwamba msemaji huyu amezoea neno la ulinganishi lililo pia neno la tahadhari.

Jambo hili lina uzito katika usomaji wa nathari. Msimulizi akisema 'Ni kama alikuwa akilia', ametuarifu juu ya mipaka ya ujuzi wake mwenyewe: yuko nje ya mhusika, anakisia. Hiyo ni habari kuhusu nafsi ya usimulizi, na mhakiki anayeiandika katika safu ya tashbihi ameipoteza.

Upande wa pili wa kosa hili umo katika jina lenyewe. 'Tashbihi' ni istilahi ya balagha ya Kiarabu, na huko nguzo zake ni nne: kinachofananishwa, kinachofananishiwa, chombo cha kufananisha, na sifa ya ufanano. Lakini chombo si lazima kitajwe. Chombo na sifa vikiondolewa, kama katika 'Zaidi ni simba', tashbihi haifi, bali huhesabiwa kuwa imefikia kilele cha nguvu na kuitwa tashbīh balīgh. Abdulqahir al-Jurjani, mwanabalagha mkuu wa karne ya 11, alipendelea kuiweka kauli ya namna hiyo katika tashbihi. Ili iwe istiara, upande mmoja hauna budi kutoweka: 'nilimwona simba akihutubia'. Fasili tunayoifundisha, yenye kutegemea kuwapo au kutokuwapo kwa neno, imetoka katika mapokeo ya shule za Kiingereza, ambamo mwanafunzi huelekezwa kutafuta 'like' na 'as'. Tumevaa kanzu ya Kiarabu juu ya sarufi ya Kiingereza. Na hata huko Ulaya Aristotle alikwisha kusema katika Retorika kwamba tofauti ya mawili haya ni ndogo.

Tuzitazame Dunia Uwanja wa Fujo (1975) ya Euphrase Kezilahabi na Dunia Mti Mkavu (1980) ya Said Ahmed Mohamed. Majina haya mawili hayana 'kama', wala hayana hata 'ni'. Pande zote mbili zimetajwa zikiwa zimebanana, na kwa kipimo cha balagha hizi ni tashbihi zilizo kamili. Kwa kipimo chetu ni sitiari, na mjadala huishia hapo. Ingefaa zaidi kuuliza kwa nini 'Dunia Kama Mti Mkavu' lingekuwa jina dhaifu. Kwa maoni yetu 'kama' humwachia msomaji nafasi ya kukataa, nayo methali ambamo jina la pili limechimbuka haikusudii kumpa nafasi hiyo.

Kinyume chake ni tashbihi za insha. Katika miaka yote ya mtihani wa KCPE, tangu 1985 hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, watoto wa Kenya walibeba hazina ya mafungu ya kukariri: kupendana kama chanda na pete, kunyamaza kama maji mtungini, weupe kama theluji. Mtoto wa Kiganjo huita kidole 'kidole', na 'chanda' hukutana nacho katika fungu hilo tu. (Kuhusu theluji tusimhurumie mno, maana asubuhi iliyotakata kilele cha Mlima Kenya huonekana kutoka upande wa Thika.) Hapa 'kama' ipo, lakini mlinganisho haupo. Fungu zima limekuwa kielezi chenye maana ya 'sana'.

Ufanano ulio hai katika Kiswahili mara nyingi hujificha ndani ya neno. Mwingereza hutumia umbo moja, 'like', kwa kupenda na kwa kufanana; jina la tamthilia ya Shakespeare, As You Like It, tungeliweka katika neno moja, Upendavyo, na kazi yote ya ufanano ingebebwa na -vyo. 'Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo' ni mlinganisho wa malezi na makuzi uliosawazishwa pande zote, nao hauna 'kama'. Ki- ya namna nayo hufanya hivyo: 'alilia kitoto', 'alijibu kizee'. Huyo aliyelia kitoto ni mtu mzima, na sentensi imemhukumu kwa silabi moja. Orodha ya mwanafunzi haina mahali pa kumweka, ilhali 'watu kama ishirini' wameshapata nafasi yao.