Propela ya Kipande Kimoja na ya Vipande Viwili

Propela shafti hupeleka nguvu ya injini kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma. Ni bomba, na kila bomba refu lina kasi yake ya hatari: likizungushwa kwa kasi hiyo, tumbo lake hutoka nje ya mstari na kuzunguka kama kamba ya kuruka. Hapo gari hutetemeka, krosi (maungio yake yanayokunjika) hukatika, na bomba lenyewe laweza kupinda. Kwa hiyo kabla ya kuuliza propela ipi ni nyepesi au ipi ni imara, anayebadilisha gari hana budi kuuliza itazunguka kwa kasi gani na ina urefu gani.

Urefu ndio wenye neno kubwa. Bomba likifupishwa kwa nusu, kasi ya hatari hupanda mara nne. Kipenyo kikiongezwa mara mbili, hupanda mara mbili tu. Bomba la chuma la kipenyo cha milimita 76 na urefu wa mita 1.5, kwa hesabu ya karatasini, hufikia hatari karibu na mizunguko 5,500 kwa dakika. Fundi makini hukomea kwenye robo tatu ya kiwango hicho. Likigawanywa katikati, kila kipande hupata kikomo kinachozidi 20,000, ambacho gari la kawaida halitakifikia kamwe. Ndiyo sababu malori na mabasi marefu yenye injini mbele hufungwa propela za vipande viwili, vitatu na hata zaidi.

Gari lililobadilishwa huingia hatarini kwa njia isiyoonekana. Mwenye gari akitoa difu ya uwiano wa 3.55 na kufunga ya 4.10 ili gari lichomoke haraka, propela nayo huongezewa kasi. Kwa tairi lenye mzingo wa mita 2, katika mwendo wa kilomita 160 kwa saa propela ilikuwa ikizunguka mara 4,730 kwa dakika. Sasa inazunguka karibu mara 5,470. Bomba lililotajwa hapo juu lingekuwa limefika ukingoni, ilhali hakuna aliyeligusa.

Ford Mustang iliyotoka mwaka 2005 inafaa kuwa mfano. Ilitoka kiwandani na propela ya vipande viwili, na wapenzi wake wengi huitoa na kufunga ya alumini ya kipande kimoja. Wengi hudhani alumini hustahimili kasi kubwa kwa sababu ni nyepesi. Sivyo. Ugumu wake ni kama theluthi moja ya ule wa chuma, na uzito wake vilevile, hivyo kwa kipenyo kilekile kasi ya hatari hubaki karibu ileile. Faida yake ni kwamba bomba laweza kuwa la kipenyo kikubwa zaidi bila kuwa zito, na kipenyo hicho ndicho kinachoinua kikomo. Nyuzi za kaboni ndizo hasa zinazovuka mpaka huo, kwa kuwa ni ngumu mno kulingana na uzito wake, ila bei yake ni kubwa. Ama kuhusu nguvu inayookolewa kwa kupunguza uzito, ni ndogo kuliko inavyosifiwa, kwani uzito wa propela uko karibu sana na mhimili wake.

Propela ya vipande viwili ina udhaifu wake. Ina krosi tatu badala ya mbili, na senta beringi inayoshikwa na mpira. Mpira huo huzeeka, na gari lenye nguvu nyingi likiondoka ghafla, huuchana. Tena krosi iliyokaa kwa pembe haizungushi sawasawa: huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Krosi mbili zenye pembe sawa, zilizopangwa vizuri, hufutiana kasoro hiyo. Zikiwa tatu, kupatanisha pembe ni kazi ya subira, na senta beringi ikihamishwa kidogo tu hesabu yote hubadilika.

Hapa ndipo fundi wa propela anapostahili heshima kubwa kuliko anayopewa. Hupima urefu gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake, kwani likining'inia difu hushuka na kipimo hudanganya. Upande wa giaboksi huacha nafasi ya milimita 20 hadi 25 ili propela iweze kuteleza ekseli inapopanda. Akishachomelea, hulizungusha bomba chini ya geji, maana joto huvuta chuma, kisha hulinyoosha kwa joto hilohilo. Mwisho hubalansi. Gramu 10 zilizozidi upande mmoja wa bomba la milimita 76, kwa mizunguko 6,000, huvuta kama mzigo wa kilo 15 unaozunguka mara 100 kila sekunde.

Kwa gari fupi, au lenye bomba la kipenyo kikubwa cha kutosha, kipande kimoja ndicho chaguo bora: maungio machache, hakuna mpira wa kuchanika. Lifungwe kitanzi cha chuma karibu na krosi ya mbele, kama sheria za NHRA, chama cha mashindano ya magari cha Marekani, zinavyodai kwa magari mengi, maana krosi hiyo ikikatika bomba huangukia barabarani na laweza kulinyanyua gari. Kwa gari refu litakalokimbizwa kwa muda mrefu, vipande viwili vibaki, senta beringi ibadilishwe, na kabla ya kuvitenganisha alama ipigwe kwenye meno ya kiungo, kwa kuwa vilibalansiwa pamoja na vitatulia tu vikirudishwa vilevile.