Kicheko na Ujira: Uhakiki wa Filamu ya The Circus kwa Kuilinganisha na Hali ya King Majuto

Uhakiki huu unaijadili The Circus (1928), filamu isiyo na sauti iliyoandikwa na kuongozwa na Charlie Chaplin, ambaye pia ndiye mwigizaji mkuu. Hoja yake ni kwamba kiini cha filamu hii si kuanguka na kujigonga kwa wahusika, bali ni swali la nani anayefaidika na kicheko cha hadhira.

Dhamira hiyo inajengwa kupitia msuko. Mzururaji, akiwakimbia polisi, anaingia ghafla katikati ya onyesho la sarakasi, na hadhira iliyokuwa imechoka inaangua kicheko. Anapojaribiwa rasmi ili achekeshe kwa makusudi, anashindwa. Baadaye wabeba vifaa wanaacha kazi kwa kutolipwa, naye anachukuliwa kuziba pengo. Anaigusa meza ya mfanya mazingaombwe, na wanyama waliofichwa wanachomoka kabla ya wakati. Watu wanafurika kumtazama. Mwenye sarakasi anaamua asiambiwe ukweli: alipwe kama mbeba vifaa, ilhali ndiye anayeijaza hema. Kinaya hiki kina makali, kwa kuwa mtazamaji anayeijua siri anacheka pamoja na hadhira inayomtajirisha mdhulumaji.

Kwa Mtanzania, hali hii si ngeni. Amri Athumani, maarufu kama King Majuto, mchekeshaji wa Tanga ambaye filamu zake ziliuzwa katika maduka ya Kariakoo, alifariki tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Upanga. Mwaka huohuo, malipo yake yalizua mjadala wa kitaifa, na wizara yenye dhamana ya sanaa iliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Sura yake ilijulikana nchi nzima. Stahiki zake zilibaki jambo la kutafutiwa kamati.

Hata hivyo, ulinganishi huu una mpaka. Chaplin, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya United Artists mwaka 1919, aliigiza dhuluma ambayo yeye mwenyewe alikwisha kujinasua nayo. Pengine ndiyo maana filamu inalegea inapolifikia suala la haki. Binti wa kambo wa mwenye sarakasi anapomfumbulia siri, Mzururaji anadai ujira bora na kuupata; kisha msuko unahamia kwenye mapenzi, na mwishoni anabaki peke yake uwanjani huku magari ya sarakasi yakiondoka. Hatima ya wabeba vifaa wasiolipwa haijadiliwi. Dhuluma ya wengi inafunikwa na huzuni ya mmoja.

Hivyo basi, mhakiki wa vichekesho asiishie kwenye mbinu za kuchekesha. Anapaswa kuuliza pia mkataba ulisema nini, na aliyechekesha aliondoka na nini.