Asili ni Ipi? Tahakiki ya Neno Moja katika Vitabu vya Ukomo wa Hedhi

Neno ménopause, ambalo wanafunzi wengi wa Kongo hulikuta kwanza katika vitabu vya Kifaransa, lilizaliwa katika lugha hiyo hiyo. Daktari de Gardanne aliandika ménespausie mwaka 1816, kisha akalifupisha kuwa ménopause katika kitabu chake cha mwaka 1821, na katika jina la kitabu hicho akaweka pia maneno âge critique, yaani umri wa hatari. Kiswahili hakikuingoja tafsiri. Mwanamke huacha kuona mwezi, au hedhi yake hukoma. Maneno hayo hayabebi hatari wala ugonjwa, yanataja kikomo tu. (Anayetaka nomino na aandike ukomo wa hedhi, si ukoma: herufi moja inatosha kumtia mwanamke mwenye afya katika orodha ya wagonjwa wa ukoma.)

Tangu miaka ya sitini ya karne iliyopita vimeandikwa vitabu vingi vya kuwaeleza wanawake jinsi ya kuupita umri huo, na neno linalozidi kuvitawala ni natural kwa Kiingereza, naturel kwa Kifaransa. Mfasiri wa Kiswahili akikutana nalo huandika asili bila kusita: dawa ya asili, njia ya asili, homoni ya asili. Tahakiki hii inashikilia kwamba hapo ndipo panapostahili kusita. Neno hilo moja linabeba maana tatu zisizopatana, na msomaji anayezichanganya anaweza kudhurika mwilini, si katika ufahamu peke yake. Vitabu vitatu vinatosha kulionyesha jambo hilo.

Cha kwanza ni Feminine Forever cha Robert A. Wilson, daktari wa New York, kilichotoka mwaka 1966. Wilson alidai kwamba kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu, akaulinganisha na kisukari, na kwamba mwanamke akipewa estrojeni atabaki mwanamke daima. Lugha yake ni kali, tena ya dharau. Mwanamke aliyekoma hedhi anachorwa kama kiumbe aliyenyang'anywa jinsia yake. Kwa sababu hiyo wengi hukitaja kitabu hicho kama kinyume kabisa cha asili. Lakini Premarin, dawa ya estrojeni iliyoenea kuliko zote wakati huo na iliyoruhusiwa Marekani tangu mwaka 1942, hutengenezwa kwa mkojo wa farasi jike wenye mimba, na jina lake limeundwa kwa vipande vya maneno ya Kiingereza yanayowataja farasi hao na mkojo wao. Ikiwa asili ni chimbuko, yaani kutoka katika kiumbe hai, basi ni dawa chache zinazoweza kuishinda hiyo.

Chimbuko hilo halikumlinda mtu. Mwishoni mwa mwaka 1975 zilichapishwa kwa pamoja tafiti mbili zilizoonyesha kwamba estrojeni ikitumiwa peke yake huzidisha saratani ya utando wa ndani wa mji wa mimba. Madaktari wakaongeza homoni ya pili ili kuulinda utando huo. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, ulisimamisha sehemu yake iliyowahusu wanawake 16,608 waliopewa estrojeni ya farasi pamoja na medroksiprojesteroni, au kidonge kisicho na dawa. Kwa kila wanawake 10,000 waliotumia homoni hizo kwa mwaka mmoja, saratani ya titi iliongezeka kwa wanawake 8, na wanaovunjika nyonga wakapungua kwa 5. Inafaa kukumbukwa, maana husahauliwa mara kwa mara, kwamba wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63. Kwa wale walio chini ya miaka 60, au ambao hawajapitisha miaka kumi tangu hedhi ikome, na wanaosumbuliwa na joto la ghafla, madaktari wa leo huona kwamba faida mara nyingi huzidi madhara, isipokuwa pale penye kizuizi kinachojulikana, kama saratani ya titi.

Kitabu cha pili, The Change cha Germaine Greer (1991), kimeandikwa vizuri kuliko vingine vyote viwili. Kwa Greer asili ni mwendo: mwili una majira yake, na mwanamke mzee aachwe ayaingie majira hayo bila kulazimishwa kubaki kijana kwa ajili ya macho ya wanaume. Shaka yake juu ya biashara ya homoni ilithibitishwa kwa sehemu miaka kumi na mmoja baadaye. Hata hivyo mwanamke anayeamka mara tano usiku na nguo zimelowa jasho anapewa hapo falsafa nzuri, na usingizi haupati.

Kitabu cha tatu ndicho kinachodai maelezo marefu, kwa kuwa ndicho kilichoeneza msamiati unaotumika hadi sasa. John R. Lee, daktari wa California aliyefariki mwaka 2003, alitoa pamoja na Virginia Hopkins kitabu What Your Doctor May Not Tell You About Menopause mwaka 1996. Hoja yake ni kwamba shida nyingi za wanawake wa umri huo hutokana na estrojeni kuizidi projesteroni nguvu, na kwamba tiba ni krimu ya projesteroni ya asili inayopakwa juu ya ngozi. Ni asili ipi hii? Si ya chimbuko, wala si ya mwendo. Lee anamaanisha molekuli iliyo sawa kabisa na ile inayotengenezwa na mwili, hata kama imetoka kiwandani.

Kiwandani ndiko inakotoka. Mwaka 1942 mkemia Russell Marker alikwenda Veracruz, Mexico, kutafuta aina ya kiazi kikuu cha mwituni chenye diosjenini, akaigeuza diosjenini hiyo kuwa projesteroni kwa hatua kadhaa za kikemia. Hatua hizo hufanyika katika maabara. Mwili wa binadamu hauna uwezo wa kuzifanya, hata mtu akila kiazi hicho kila siku au akijipaka dondoo yake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001, wanawake 23 walitumia krimu ya kiazi kikuu cha mwituni kwa miezi mitatu, na haikuonekana tofauti ya maana kati yake na krimu tupu. Lee mwenyewe alipendekeza projesteroni, si kiazi. Lakini neno natural lilikwisha kuwekwa juu ya vyote viwili, na wauzaji wa krimu za kiazi wakaingia kwa mlango ambao yeye aliufungua.

Haki inadai kusema kwamba Lee hakukosea katika yote. Jaribio la mwaka 1999 lililohusu wanawake 102 kwa muda wa mwaka mmoja lilionyesha kwamba krimu ya projesteroni ilipunguza joto la ghafla. Dai lake kwamba krimu hiyo hujenga mifupa halikuthibitika humo. Aidha, utafiti wa Kifaransa uitwao E3N, ulioanza mwaka 1990 miongoni mwa wanawake wa bima ya walimu, uliona hatari ndogo zaidi ya saratani ya titi kwa waliotumia estrojeni pamoja na projesteroni iliyo sawa na ya mwili kuliko waliopewa homoni nyingine za kuiga kazi yake. Huo ni uchunguzi wa kufuatilia watu, si jaribio, nao hauwezi kukata shauri. Hapa maana ya tatu ya asili ina uzito wa kisayansi. Uzito huo haihamishii krimu ya kiazi hata chembe.

Neno la pili la Lee ni usawa. Homoni zimepoteza usawa, zirudishwe katika usawa. Msomaji huona mizani, na mizani hudai pawe na kipimo sahihi kinachojulikana. Lakini katika miaka inayotangulia ukomo wa hedhi estrojeni hupanda na kushuka bila utaratibu, hata mate yaliyopimwa Jumatatu hayasemi mengi kuhusu Ijumaa. Baada ya ukomo, kiwango cha chini ndicho hali ya kawaida ya mwanamke wa umri huo. Ni mizani ya nani inayosema kimepungua? Joto lenyewe huanzia katika sehemu ya ubongo inayoongoza halijoto ya mwili, ambayo hushtuka estrojeni inapoondoka. Fezolinetanti, dawa iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2023, hulipunguza kwa kuzuia ishara za neva mahali hapo, pasipo kurudisha homoni yoyote. Mizani haina nafasi katika maelezo hayo.

Kuhusu mimea mingine maneno machache yatatosha. Actaea racemosa ya Amerika ya Kaskazini, inayosifiwa kuliko yote, ilipitiwa mwaka 2012 katika majaribio 16 yenye wanawake 2,027, na ushahidi haukutosha kuunga mkono matumizi yake. Anayeshangaa mbona shuhuda ni nyingi akumbuke kwamba katika majaribio ya tiba ya homoni kwa vidonge, wanawake waliopewa kidonge kisicho na dawa waliona joto la ghafla likipungua kwa zaidi ya nusu.

Huku Kongo tafsiri inaongeza tatizo ambalo Kiingereza hakina. Msomaji wa Lubumbashi akisikia dawa ya asili huelewa dawa ya kienyeji, iliyo kinyume cha dawa ya kizungu: mizizi aliyoijua bibi yake, kutoka kwa mganga ambaye ukoo wake unajulikana. Krimu ya California ikiitwa asili inaazima imani hiyo yote bila kuwa na hata mzizi mmoja wa kwao. Yafaa mfasiri aseme wazi: iliyotokana na mmea, au iliyotokana na mnyama, yenye umbo la homoni ya mwili, mwendo wa maumbile. Maneno yanarefuka, ndiyo. Lakini mwanamke anayetumia estrojeni na bado ana mji wa mimba hatadhani tena kwamba kiazi kitamlinda utando wake. Wala krimu ya projesteroni ya kupaka haijathibitika kumlinda vya kutosha.

Tena kuna damu. Mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila hedhi, kisha akaona damu, akiwa amefundishwa asili ya mwendo atasema mwezi umerudi. Kwa tabibu hiyo ni dalili ya kuchunguzwa upesi, kwa sababu saratani ya utando wa mji wa mimba mara nyingi hujitambulisha hivyo. Anayetayarisha karatasi ya Kiswahili kwa ajili ya zahanati aiandike sentensi hiyo juu kabisa ya ukurasa, kabla ya viazi na soya.